Seti Moja ya Baridi kwa Mtaa Mzima

"Theluji haikanyagi ndani ya nyumba yangu," Mama alikuwa anasema, na sauti yake ilishavuka ukuta wa jirani wa kwanza ikaingia kwa wa pili. "Na tairi lake halikanyagi."

"Mama Somoe, theluji siyo yangu mimi. Ni ya serikali."

"Basi ikalale serikalini."

Mjomba Mfaume, kaka yake Mama, alikuwa amekaa katikati yao kwenye kochi na sahani ya mihogo mapajani. Mama akimgeukia, anatikisa kichwa kukubali. Baba akimgeukia, anatikisa kichwa kukubali vilevile. Ndiyo maana ameishi kwetu miaka yote hii bila kugombana na mtu.

Baba alikuwa anapunga kipeperushi cha Duka la Taifa la Matairi ya Baridi. Kwenye picha kuna gari limesimama juu ya kitu cheupe kama sembe iliyomwagika, na familia ya Kizungu inacheka. Yeye alitaka matairi kama yale, mapya, manne, pamoja na rimu za spoti zinazong'aa mpaka unaweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Ili ayapate, alipendekeza liuzwe kochi, na kabati, na lile jokofu. Mama akasema kama jokofu linauzwa, basi theluji yenyewe itakaa wapi?

Sasa ngoja nikwambie kwa nini walikuwa wanapiga kelele, usije ukadhani wazazi wangu ni watu wa vurugu. Dada yangu Somoe alikuwa anaolewa Jumamosi. Na Somoe alizaliwa ndani ya gari letu. Siyo mfano wa maneno, alizaliwa humo kabisa, kiti cha nyuma, njiani kwenda hospitali, Baba kashika usukani analia na Mama anamwambia aangalie mbele. Tangu siku ile Baba akaapa: huyu mtoto ameingia duniani kwa mlango wa nyuma wa kushoto, na siku anakwenda kwa mumewe atashukia mlango huohuo. Kiapo hicho amekirudia kwenye kila harusi ya watu wengine, mpaka upande wa bwana harusi wakakijua kwa moyo. Na serikali nayo ikatangaza kwamba ikifika Ijumaa ofisi zikifungwa, gari lisilo na stika ya baridi halitembei. Likitembea, linakamatwa.

Shangazi wa bwana harusi, mwanamke mwenye huruma nyingi za kuumiza, akatuma salamu kwamba tusihangaike, gari likishindikana wao wataleta bajaji na wataifunga maua. Baba aliposikia neno bajaji aliacha kula.

Lakini na wewe utaniuliza, baridi gani? Kwani nchi yenu si ile ambayo mbwa wanatembea kwa kurukaruka kwa sababu lami inawaunguza? Ndiyo hiyohiyo. Tulia.

Mheshimiwa Kiongozi wetu alikwenda ziara kwenye nchi moja ya mbali sana, tajiri sana. Akiwa kwenye gari la wenyeji wake akaona barabara haina shimo hata la kutupia mfupa. Akamuuliza dereva siri yao ni nini. Yule dereva hakuwa mtu wa siasa, akajibu alichokijua: sisi, mzee, baridi ikiingia tunabadilisha matairi. Mheshimiwa akanyamaza njia nzima. Waliokuwa naye wanasema hawajawahi kumwona amenyamaza hivyo tangu achaguliwe.

Siku ya kurudi tulikwenda kumpokea, shule zote. Akashuka kwenye ndege amevaa koti la manyoya lililomfika miguuni. Wapiga ngoma wanatiririka jasho, sisi tunatiririka jasho, yeye jasho limemlowesha mpaka koti linanuka kama mbuzi aliyenyeshewa. Akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi. Nimekwenda, nimeona. Nchi zote zilizoendelea zina matairi ya baridi. Sisi hatuna. Mnataka niseme nini zaidi?"

Tukapiga makofi. Kweli, ungetaka aseme nini zaidi? Mwalimu wetu wa jiografia peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, akauliza kwa adabu zote kama isingekuwa vizuri kutangulia kupata baridi yenyewe, halafu ndiyo yafuate matairi. Akajibiwa kwamba mtu makini hujenga zizi kwanza, ng'ombe atakuja. Wiki ileile akapandishwa cheo, akahamishiwa kituo ambacho hakipo kwenye ramani. Na kama kuna mtu anayejua nini kipo kwenye ramani na nini hakipo, ni yeye.

Basi ikaundwa Wizara ya Majira. Baridi ikatangazwa rasmi. Vipimajoto vikakusanywa vyote, hata vya zahanati, kwa kosa la kutoa takwimu zisizothibitishwa. Asubuhi redio inasema leo baridi ni kali kiasi, wananchi mnaombwa kuvaa, na sisi tunaisikiliza tukiwa vifua wazi, tunajipepea kwa kipeperushi cha Duka la Taifa.

Wilaya yetu ikapata Ofisi ya Baridi. Ilikuwa ofisi ya kilimo, lakini kilimo kikaombwa kisubiri masika. Wakafunga viyoyozi kila ukuta, wafanyakazi wakapewa makoti, na madirisha yakabandikwa pamba iwe theluji. Mlangoni wakaandika kwa herufi kubwa: FUNGA MLANGO, BARIDI ISITOKE.

Siku ya kwanza ya ukaguzi wa magari, Afisa Baridi wa Wilaya, bwana mmoja anaitwa Ponsiano, alitoka nje na koti lake, skafu yake na kofia yake ya manyoya. Alianguka kabla hajaifikia boneti. Ikabidi wamrudishe ndani wakiwa wamembeba miguu na mikono. Kanuni zikarekebishwa mchana uleule: afisa wa baridi haruhusiwi kutoka nje saa za kazi. Wakakwangua pamba kwenye dirisha la mbele, wakapata tundu la ukubwa wa kisahani cha kikombe. Gari linapita mbele ya tundu, juu ya barafu iliyomwagwa, afisa anachungulia, matairi yakiwa ya baridi unapewa stika. Barafu inatoka soko la samaki, kwa hiyo ukaguzi wetu unahudhuriwa na paka wa wilaya nzima. Wamekaa mstari, wanaangalia matairi kwa makini kuliko afisa.

Sasa unaelewa Baba alichokuwa anapigania. Nikapewa kazi mimi. Nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, sijui kukaa, na Mama anasema nikikaa ndani kutwa nzima namaliza sukari. Nikaambiwa nifuatane na Mjomba tukatafute seti nafuu, maana Mjomba aliwahi kuwa utingo wa lori.

Tulianzia Duka la Taifa. Muuzaji amevaa sweta la shingo ndefu, macho mekundu, maskini, anahema. Akatueleza vizuri tu: hili raba yake laini, haigandi kwenye baridi, na hivi vijifereji vidogovidogo vinaing'ata barafu. Mjomba akabonyeza raba kwa kidole gumba, akauliza kwenye lami yetu ya saa nane mchana inakuwaje. Muuzaji akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akasema kwa sauti ya chini kwamba kwenye lami ya moto linalika kama kifutio cha shule. Halafu akatutajia bei. Mjomba akauliza kama gari linakuja humohumo ndani ya bei.

Tukaenda gereji. Huko walikuwa na baridi ya kienyeji: wanachukua tairi kipara, wanalichanja kwa kisu cha moto, wanalipaka chaki nyeupe. Nafuu kweli, bei ya kuku. Lakini nilipompigia Baba simu akasema hawezi kumpeleka mwanawe kwa mume kwa tairi lenye chanjo.

Mwisho tukafika kwa wauza mitumba, na hapo ndipo Mjomba akaamka. Kulikuwa na seti ya baridi halisi, iliyotoka hukohuko kwenye baridi, imekwishavalishwa kwenye rimu za chuma. Rimu nyeusi, zina kutu ya pembeni kidogo, hazing'ai hata kwa kusingiziwa. Mjomba akazigonga kwa funguo, akazizungusha, akaingiza shilingi kwenye mifereji kuona kina. Akaniambia, mjomba, hizi ndizo. Ukinunua tairi tupu, kila ukibadilisha unamlipa fundi alitoe kwenye rimu, na kila akilitoa analichubua. Hizi unafungua nati zako, unavua, unavaa, kama viatu. Na hizo za spoti za baba yako ukigonga shimo moja tu la barabara ya sokoni, zinapasuka kama biskuti. Chuma kinapinda, unakigonga nyundo, maisha yanaendelea.

Bei ilikuwa nafuu. Lakini nafuu ya mtu ambaye hana harusi Jumamosi. Tukarudi mikono mitupu, tukawakuta wazazi wangu wako palepale tulipowaacha, tofauti ni kwamba Mama alikuwa amesimama mbele ya jokofu amelikumbatia.

Hapo ndipo alipoingia Bi Kuruthumu.

Bi Kuruthumu ndiye mtunza vyombo vya mtaa. Kila mtaa kwetu una vyombo vyake vya shughuli: masufuria makubwa ya pilau, majamvi, sinia, makopo ya kunawia. Havina mwenyewe, vya wote. Vinakaa chumba cha uani kwake, ukiwa na harusi au msiba unakwenda kuchukua. Alikuja kwa sababu kelele zilimfikia, na yeye kelele za watu hazimpiti. Akakaa. Mjomba akampisha kwenye kochi. Akaomba maji, akanywa taratibu, akamwangalia Baba.

"Mshamu, hapa ndani mna sufuria la kupikia wageni wa Jumamosi?"

Baba akasema hamna.

"Mtapikia nini?"

"Si lile la mtaa, bi mkubwa."

"Kwa nini hukununua lako?"

Baba akaanza kusema kwamba sufuria kama lile mtu analihitaji siku moja tu, halafu akaishia katikati. Bi Kuruthumu akanywa maji yaliyobaki.

"Na hilo gurudumu la serikali unalihitaji siku ngapi?"

Mama akaliachia jokofu.

Jioni ileile mtaa ukachanga. Kila nyumba ilitoa kidogo, kama mchango wa kanga za mama mzazi, hakuna aliyeumia. Mimi na Mjomba tukarudi kwa wauza mitumba tukaileta seti kwenye mkokoteni, watoto wanatufuata wanaimba. Na ukubwa wake ulilingana na magari yote, maana magari ya mtaa wetu ni aina moja, yaliingia na meli moja, yakauzwa rahisi kwa sababu yote yalikuwa na rangi ya uji. Magurudumu yakalala kwenye chumba cha vyombo, juu ya sufuria kubwa. Mpango ukawa unaomba, unavaa, unakwenda kwenye tundu, unapata stika, unavua, unarudisha.

Sasa kuna jambo moja. Kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Jirani akikuletea mchuzi kwenye bakuli, hulirudishi bakuli limeoshwa linang'aa halina kitu, atadhani mmegombana. Unatia chochote, hata limao. Kwa hiyo wa kwanza kuazima magurudumu aliyarudisha yameoshwa kwa sabuni, na upande wa ndani wa kila rimu, pale penye shimo kama bakuli, ametia ndizi mbivu. Wa pili akarudisha na viazi vitamu. Wa tatu, ambaye mkewe hapendi kushindwa, akarudisha na maandazi yaliyofunikwa kitambaa. Kufikia katikati ya wiki raba ilikuwa inanukia iliki, na Bi Kuruthumu hakuwa amewasha jiko kwa siku mbili.

Pale kwenye tundu, Ponsiano anaona gari la rangi ya uji linapita na magurudumu yaleyale. Baadaye gari jingine la rangi ya uji, magurudumu yaleyale. Akafurahi sana. Aliandikia wizara kwamba kuna mtaa mmoja wenye nidhamu ya ajabu, wakazi wote wamechagua aina moja. Tukaletewa cheti: Mtaa Bora wa Baridi. Kipo mpaka leo, tumekitundika kwenye chumba cha masufuria.

Sisi tulipangiwa Ijumaa, siku ya mwisho, ili gari lioshwe kabisa na kufungwa maua. Tatizo likaingia Jumatano. Giza halijaingia bado, akaja mtu kwa Bi Kuruthumu amevaa miwani myeusi na koti zito amelikunja mkononi. Alikuwa Ponsiano. Kumbe agizo lilikuwa limetoka juu: afisa yeyote wa baridi ambaye gari lake halina matairi ya baridi ajihesabu hana kazi. Na mshahara wa Wizara ya Majira hulipwa msimu ukibadilika. Naye gari lake lilitoka meli ileile, rangi ileile ya uji. Bi Kuruthumu hakumuuliza swali. Kwake mwenye shida ya chombo ni mwenye shida ya chombo. Akampa, akamwambia yanatakiwa kesho. Ponsiano akaahidi asubuhi.

Asubuhi hakuja. Mchana hakuja. Mjomba akaenda kupeleleza, akayakuta magurudumu yamevaliwa kwenye gari la Ponsiano, limeegeshwa nyuma ya ofisi, kivulini. Bi Kuruthumu mwenyewe akaenda kuongea naye kwenye tundu. Ponsiano akamjibu kutoka ndani kwamba magurudumu yale sasa yako chini ya uangalizi wa serikali, na kwamba waziri anaweza kupita wakati wowote kuangalia magari ya maafisa. Akaongeza kwamba mama asimame pembeni, anazuia barafu.

Hapo ndipo nilipouona mtaa wetu umekasirika. Baridi tuliipokea. Vipimajoto tulivitoa. Mwalimu wa jiografia tulimpungia mkono. Lakini mtu kukaa na chombo cha watu, cha shughuli, wakati kuna shughuli? Wanawake walisimama barazani wameshika viuno. Hata yule shangazi wa bwana harusi alituma salamu kwamba bajaji tayari, imeshafungwa maua, ila kwa jambo la chombo anatupa pole.

Ijumaa mchana Baba alikuwa amekaa ndani ya gari uani, mikono kwenye usukani, hajawasha. Somoe alikuwa barazani, hina mbichi mikononi, kainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyetekwa, nzi anamtua puani hawezi kumfukuza. Nikamfukuzia. Akasema kwa sauti, ili Baba asikie kule uani, kwamba yeye bajaji haimpi shida, bajaji ina upepo mzuri. Halafu akanivuta kwa macho nisogee.

"Chande. Usikubali Baba aione hiyo bajaji."

Basi hiyo tu. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anachoma vitumbua vya kesho, na Mjomba alikuwa tayari kashika jeki na spana. Hakuna aliyemwambia chochote, alitikisa kichwa mwenyewe. Mama akatia vitumbua vinne kwenye karatasi, vya moto, akampa.

"Mkichukua kitu mahali pa mtu," akasema, "msiache patupu. Yeye kutokujua adabu isiwe sababu na sisi tusiijue."

Tukamhamisha Baba kiti cha nyuma, cha kushoto, akakubali kama mgonjwa. Mjomba akaendesha. Alizunguka nyuma ya ofisi, akasimamisha gari letu ubavuni mwa gari la Ponsiano, yamefanana kama mapacha. Mimi nikaenda mlango wa mbele.

Kuingia tu, meno yakaanza kugongana. Baridi ya kweli ilikuwepo, jamani, tusiisingizie serikali, ilikuwa humo ndani yote. Ponsiano amekaa nyuma ya meza, koti, skafu, kofia ya manyoya, kikombe cha chai kimeganda juu.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Funga mlango."

Nikafunga. Akajibu shikamoo. Akaniuliza shida yangu, nikamwambia tuna gari la kukaguliwa, linakuja sasa hivi. Akaangalia saa. Nikajua Mjomba anahitaji muda. Na kwa mbali, nyuma ya ukuta, nikasikia jeki inaanza kulia.

"Mheshimiwa," nikasema, "samahani. Mimi shule nimemaliza, lakini hii theluji sijaielewa. Ina faida gani?"

Lo, nilikuwa nimegusa pazuri. Kuna kanuni kwamba mwananchi akiuliza kuhusu baridi, lazima aelimishwe mpaka mwisho. Ponsiano akasimama. Akaweka mkono kifuani.

"Kijana. Theluji siyo maji yaliyoganda, kama wanavyopotosha baadhi. Theluji ni msimamo. Taifa lisilo na theluji ni kama mtu asiye na kofia: kichwa anacho, lakini nani atakiona? Wenzetu walianza hivihivi, na theluji kidogo, ya mkopo. Leo wako wapi?"

Nikasema sijui wako wapi. Akasema basi hapo ndipo tatizo la vijana lilipo. Akaendelea. Alianzia kwenye uhuru, akapita kwenye umwagiliaji, akafika kwenye pengwini. Kila akivuta pumzi namuuliza tena. Kule nyuma jeki ikalia kwiii, kwa nguvu, mpaka akanyamaza.

"Nini hicho?"

Akageukia dirisha la nyuma. Lakini dirisha la nyuma lote ni theluji, pamba kutoka juu mpaka chini, aliibandika mwenyewe.

"Nadhani ni baridi, mheshimiwa," nikasema. "Si wanasema ikikolea inapasua mabati?"

Uso wake ukang'aa kama wa mtoto aliyeona mwezi wa Idi. Akachukua simu, akapiga wizarani, akawaambia kwa sauti inayotetemeka kwamba wilaya yake imeanza kuonyesha dalili. Akaambiwa asubiri kwenye laini. Alisubiri. Mimi namshukuru sana aliyemwambia asubiri.

Halafu honi ikalia mbele. Ponsiano akaweka simu, akaenda kwenye tundu, akainama. Nikainama nyuma yake nikachungulia kwa pembeni ya kofia yake. Gari letu la rangi ya uji lilikuwa linapita taratibu juu ya barafu, paka wamelipisha njia, Mjomba kashika usukani kwa heshima zote, na Baba nyuma, shingo wima, ameshavaa kofia yake ya harusi. Rimu nyeusi. Kutu ya pembeni kidogo.

Ponsiano alikaa kwenye tundu muda mrefu.

"Magurudumu mazuri," akasema.

"Asante, mheshimiwa."

"Yanafanana na yangu."

"Yanafanana sana."

Akanyooka. Akaangalia dirisha la nyuma, pamba. Akaangalia mlango. Akajishika koti, vifungo vyake vyote, akafikiria jua lililoko upande wa pili wa mlango ule, na kanuni aliyoitunga mwenyewe ya kutotoka nje saa za kazi. Na akitoka, ataniambia nini? Kwamba yale ni magurudumu yake, aliyoyaazima kwa Bi Kuruthumu jioni na miwani myeusi? Nikamwona anayapima hayo yote, moja baada ya jingine, kama mtu anayebonyeza maembe sokoni. Mwisho akarudi mezani. Akagonga muhuri. Akachomoa stika yenye picha ya nyota nyeupe ya theluji, akaipulizia mvuke wa mdomo ili iwe na joto kidogo, akanipa.

"Harusi ni ya nani?" akauliza, bila kuniangalia.

"Dada yangu. Kesho. Unakaribishwa, mheshimiwa, mtaa mzima unakukaribisha." Nikaitia stika mfukoni. "Na Mama amekuachia vitumbua. Viko nyuma, kwenye gari lako. Kila kona kimoja."

Kalamu ikasimama.

"Usafiri ukikusumbua," nikasema, "tutakutumia bajaji. Ipo moja imeshafungwa maua."

Akafungua mdomo, ukatoka mvuke. Nikampa mkono, mkono wake wa glavu ukawa mzito kama gogo. Nje Mjomba akapiga honi mara ya pili, na nikamsikia Baba anacheka, kitu ambacho sikukisikia wiki nzima.

"Kijana," Ponsiano akasema kwa sauti ndogo, kwa mazoea tu, "mlango."

Nikatoka, jua likanipokea usoni, nikaufunga vizuri nyuma yangu, baridi isitoke.